Je, wajua kwa nini programu ya zamani ya kuchora fonti hugoma kwenye kompyuta mpya?

Kuna duka la uchapaji mjini Moshi, si mbali na stendi kuu ya mabasi, ambalo pembeni limeweka kompyuta ya kichogo iliyofunikwa kitenge. Haina intaneti, na ole wako ukutwe unacheza karata humo. Kazi yake ni moja tu: kufungua programu ya kuchora fonti, yaani maumbo ya herufi za kompyuta, ambayo mwenye duka aliinunua zamani, enzi za diski. Humo ndimo alimochora mwandiko wa kadi za harusi ambao wateja wake wa Majengo na Kiboroloni huutambua kabla hawajasoma jina la bwana harusi.

Siku niliyokwenda kuchapa kadi, mpwa wake alikuwa amemletea kompyuta mpya, nyembamba kama sinia. Diski haikuwa na pa kuingia, hilo wakalimaliza kwa flashi. Wakabofya. Kompyuta ikajibu kwamba programu hiyo haiwezi kufanya kazi hapa.

"Mjomba, hii haitaki."

"Haitaki nini? Mbona fonti yenyewe inafunguka?"

Mzee hakukosea. Ule mwandiko wake, faili lile lile la miaka hiyo, uliingia kwenye kompyuta mpya na kuandika majina ya maharusi bila kusita. Mtoto anapokelewa, mama aliyemzaa anafungiwa mlango.

Sababu ni kwamba fonti, kwa sehemu kubwa, ni daftari la vipimo. Kila herufi hukaa ndani ya mraba uliogawanywa vipande vidogo, mara nyingi 1000 au 2048 kwa upande, na faili linataja tu nukta zilipo: mstari unaanzia hapa, unapita pale, na nukta hizi mbili za pembeni zinauvuta upinde. Faili halichori. Anayechora ni kompyuta, na kompyuta yoyote iliyofundishwa kusoma daftari hilo itachora. Muundo wa fonti uitwao TrueType ulitolewa na kampuni ya Apple mwaka 1991, na simu iliyo mfukoni mwako bado inausoma.

Programu ni kitu kingine. Ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya prosesa fulani, ile chipu inayotekeleza kazi zote za kompyuta, na kila hatua inategemea mfumo endeshi, kama Windows, uliokuwepo siku ilipotengenezwa. Ramani ya nyumba iliyochorwa Marangu inasomeka hata Mwanza. Lakini fundi aliyeichora, ukimpeleka mahali ambapo hakuna anayeelewa lugha yake na vifaa vyake havipo, atakaa chini tu.

Na lugha hizo zimebadilika kweli. Kompyuta za Macintosh za Apple zilianza mwaka 1984 na prosesa za Motorola, zikahamia PowerPC mwaka 1994, Intel mwaka 2006, kisha mwaka 2020 Apple ikaanza kutumia za kwake. Katika kila uhamisho kampuni iliweka mkalimani wa kutafsiri programu za jana, na wale wa uhamisho wa kwanza na wa pili ikawaachisha kazi baada ya miaka kadhaa. Yule wa PowerPC, aliyeitwa Rosetta, aliondolewa mwaka 2011. Mwaka 2019, mfumo wa macOS Catalina ukafunga mlango kwa kila programu ya biti 32, iwe imelipiwa au haijalipiwa (biti ni kipimo cha ukubwa wa namba ambazo prosesa inazishika kwa mkupuo; za sasa ni 64).

Sasa weka hapo historia ya programu za fonti zenyewe. Fontographer ilitolewa mwaka 1986 na kampuni ndogo ya Texas iliyoitwa Altsys. Ndiyo iliyomwezesha mtu wa kawaida kuchora herufi kwa nukta na pinde kwenye kompyuta ya mezani, kazi iliyokuwa ya viwanda vikubwa. Mwaka 1995 Altsys ikanunuliwa na Macromedia, mwaka uliofuata likatoka toleo la 4.1, kisha kimya. Ni mwaka 2005 ndipo kampuni ya FontLab ilipoichukua, na toleo la 5 likaonekana mwaka 2010. Programu ilipita mikononi mwa watu kama shamba la urithi lisilo na wa kulilima. Wachora fonti duniani ni wachache mno ukiwalinganisha na watu wanaohariri picha, kwa hiyo fedha ya kuandika upya programu nzima kila prosesa inapobadilika haipatikani kirahisi. Sidhani kama kuna wa kulaumiwa sana hapo, ingawa mzee wetu angekuwa na orodha.

Upande wa Windows visa ni vya aina yake. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu ya biti 16. Linalokera zaidi ni kwamba programu nyingi za miaka ya 1990 zenyewe ni za biti 32 na zingeweza kufanya kazi hata leo, ila kile kiprogramu kidogo cha kuzisakinisha ni cha biti 16. Yaani mgeni ni halali, lakini kijana aliyetumwa kumbebea sanduku amezuiwa getini.

Ukifanikiwa kuvuka geti, kuna mtego mwingine. Programu za kale zilizoea kuandika mipangilio, na wakati mwingine hata kazi ya mtu, ndani ya folda ile ile zilimokaa. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007 hilo haliruhusiwi, lakini mfumo haugombezi. Unalichukua faili kimyakimya na kulificha kwenye folda nyingine ya mtumiaji. Programu inaapa kwamba imehifadhi, wewe ukienda kutafuta huoni kitu, na siku nzima ya kuchora unahesabu imepotea kumbe imelala chumba cha pili.

Halafu vioo vya kompyuta za sasa vimejaa vidoa vidogo mno vya kuonyeshea picha. Programu isiyojua hilo huonyesha vitufe vidogo sana, au mfumo unaivuta ikawa na ukungu. Jaribu kushika kwa kipanya nukta ya herufi yenye ukubwa wa punje ya ulezi, kisha uisogeze kidogo tu.

Fonti nazo si za milele zote. Type 1, muundo wa fonti wa kampuni ya Adobe wa miaka ya 1980, ulifungiwa na Adobe wenyewe kwenye programu zao mwezi Januari 2023. Na zile za Macintosh ya zamani zilihifadhi herufi kwenye sehemu ya pembeni ya faili ambayo Windows haiijui. Ukizipitisha kwenye kompyuta ya Windows zinafika na ukubwa wa sifuri: jina lipo, ndani hamna kitu.

Watu wa kaskazini tuna jambo letu jingine. Fonti za zamani zilitumia namba za biti 8, yaani nafasi 256 za alama kwa wakati mmoja. Kiswahili kinaenea humo bila shida. Lakini mtu wa Arusha anayeandika Kimaasai kwa kutofautisha irabu zake zote tisa anahitaji herufi kama ɛ na ɔ, na zamani njia ilikuwa kuiba nafasi ya alama nyingine na kuchora ɛ humo. Ukituma andiko kwa mtu asiye na fonti hiyo, anaona vituko. Wairaqw wa Karatu huandika sauti mojawapo kwa mkwaju, /, na kompyuta huuona kuwa alama ya kutenganisha, ikakata neno katikati. Unicode, orodha ya pamoja ya herufi za lugha za dunia iliyotolewa mwaka 1991, imeipa kila herufi namba yake, na OpenType, muundo wa fonti uliokuja baada ya TrueType, inabeba maumbo zaidi ya 65,000 kwenye fonti moja. Programu iliyoandikwa kabla ya hayo haina hata dirisha la kuyaonyesha.

Basi mzee afanyeje? Anaweza kuiweka Windows ya zamani ndani ya kompyuta mpya kwa VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima, mradi prosesa iwe ya familia ya Intel. Anaweza pia kutumia FontForge, programu nyingine ya kuchora fonti, ambayo ni ya bure na inaifungua fonti iliyokamilika moja kwa moja. Hicho ndicho walichofanya siku ile. Kasoro ni kwamba fonti iliyokamilika haibebi kila kitu: tabaka za rasimu na mistari ya mwongozo hubaki kwenye faili la kazi, na faili la kazi husomwa na programu iliyoliandika. Ndiyo maana wachora fonti wengi wa leo huweka nakala kwa UFO, muundo wa maandishi matupu ulioanza mwaka 2004, ambao hata programu ikifa unaweza kuusoma kwa kihariri chochote.

Mpwa akafungua k ndogo. Nukta zote zilikuwepo, mistari ya mwongozo hakuna hata mmoja. Mzee akaitazama kitambo, akatoa rula kwenye droo, akaiegemeza kwenye kioo cha kompyuta mpya na kuanza kupima mkia.