Cha kuvaa au cha kupandikizwa kichwani? Nilomwambia mama wa Likoni

Wiki ilopita mama mmoja wa Likoni kaniletea kijana wake, alipiga mbizi baharini akavunjika shingo, mikono haiendi. Akaniuliza, "Mwanangu, kile kidude cha Marekani cha kutia kichwani si kitamfaa huyu?" Nikakaa nao saa nzima, nikawaeleza vidude vya kusoma ubongo, cha kuvaa na cha kupandikizwa ndani.

Kofia ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, inasikiliza ubongo ikiwa nje ya fuvu. Ni sawa na kusimama nje ya ukumbi wa harusi, ngoma waisikia lakini bibi harusi kanong'onezwa nini hujui. Umeme unaofika kwenye ngozi ni maikrovolti makumi tu, na hapa kwetu Mombasa jasho latusumbua sana, mstari kwenye skrini unapanda na kushuka polepole mpaka uwashe AC umfute mtu kichwa kwa spiriti uanze upya, na nywele zikiwa zimesukwa, elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme, haziifikii ngozi, lazima zifumuliwe.

Cha ndani kinasikia maneno yenyewe. Neuralink, kampuni ya Marekani, walimwekea mtu wa kwanza Januari 2024, elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, akacheza chesi kwa mawazo tu. Lakini wiki chache baadaye nyuzi nyingi zikachomoka kwenye ubongo, ikabidi warekebishe programu ndo akaendelea. Halafu ubongo hufanya kovu kuzunguka kitu kigeni, kwa hiyo sauti yaweza kufifia kadri miaka inavyokwenda. Synchron, kampuni nyingine, wao hawafungui fuvu, wanapitishia kwenye mshipa wa damu wa shingo, mie hiyo naipenda zaidi ingawa elektrodi ni 16 tu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kampuni. Second Sight walipandikiza macho ya umeme kwa watu zaidi ya 350, wakaacha kuyatengeneza 2019, na watu wakabaki na mitambo ndani ya macho bila fundi wala spea. Kofia ikifa waivua, basi. Cha ndani ukivue vipi, na fundi yuko ng'ambo?

Mtu asiyeweza kutikisa chochote, hata kope, huyo akitaka upasuaji simzuii, ana haki yake. Ila kijana huyu bega la kulia bado lanyanyuka, na msuli mmoja wenye uhai unatoa umeme mkubwa kuliko kofia nzima! Nikambandika sensa ya msuli pale begani, nikaiunganisha na simu. Jumanne kanyanyua bega, simu ikapiga namba ya mamake. Mamake alikuwa kakaa ubavuni mwake, na akaipokea.