Waziri akisema "sikukifungia kitabu", uliza swali la pili

Kitabu kinachoichokonoa serikali kikikosekana madukani, watu huuliza kwanza ni waziri gani kakizuia. Waziri hukana, watu huguna, mjadala huishia hapo. Yaliyotokea Kenya mwaka 2009 yanaonyesha kwa nini hatupaswi kuishia hapo.

Dhana: "It's Our Turn to Eat" kilipigwa marufuku Kenya.

Hakikupigwa. Kitabu hicho cha Michela Wrong kinamhusu John Githongo, katibu wa kudumu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi chini ya Rais Kibaki, akafichua sakata la Anglo Leasing, la mikataba ya serikali iliyopewa kampuni hewa, na kujiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza. Kifungu cha 52 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinampa waziri uwezo wa kuharamisha chapisho kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kitabu hiki hakikuharamishwa hivyo. Daily Nation hata lilichapisha sehemu zake. Lakini maduka ya Nairobi yaliogopa kukiweka kwenye rafu.

Dhana: Basi lazima kulikuwa na simu kutoka juu.

Simu haikuhitajika. Mwaka 2000 Nicholas Biwott, akiwa waziri, alishinda kesi ya kuchafuliwa jina kuhusu kitabu cha mtaalamu Mwingereza wa uchunguzi wa maiti kilichogusia mauaji ya Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, na kumhusisha Biwott nayo. Mahakama ilimpa fidia ya shilingi milioni 30. Maduka yaliyouza kitabu hicho nayo yakaburutwa mahakamani, na somo hilo wauzaji hawakulisahau.

Wengi wetu hudhani kesi ya namna hii humkuta aliyeandika tu. Sivyo. Anayeuza naye anahesabika kuwa amesambaza maneno hayo, na yeye ndiye aliye karibu: mwandishi na mchapishaji wako London, duka liko katikati ya Nairobi na lina mali ya kukamatwa. Riziki ya duka hilo ni vitabu vya shule. Nani ahatarishe yote hayo kwa faida ya nakala chache? Mimi simlaumu muuzaji. Lawama zangu ziko kwa sheria inayomwacha peke yake.

Dhana: Waziri akikana na ikawa kweli, basi mikono yake ni safi.

Enzi za Rais Moi mambo yalikuwa wazi zaidi: mwaka 1987 polisi walizoa nakala za "Matigari" cha Ngũgĩ wa Thiong'o madukani. Leo hofu inaweza kufanya kazi ile ile bila polisi. Kwa hiyo waziri anayekana aulizwe pia: je, uko tayari kupeleka bungeni marekebisho ya kumlinda muuzaji wa vitabu?

Dhana: Kilichokosa rafu hakikusomwa.

Kilisomwa sana. Kiliingia ndani ya masanduku ya wasafiri, kikapita makanisani, kikasambaa kwa barua pepe kama PDF ya wizi ambayo mwandishi hakupata hata senti kwayo. Aliyekosa ni yule asiye na ndugu ughaibuni wala kompyuta, aliyekwenda dukani na pesa yake mkononi akaambiwa hakipo.