Mtaguso wa Nikea: yaliyoamuliwa mwaka 325 na yaliyosingiziwa

Mabishano ya dini yakipamba moto, jina la Nikea halikosi kutajwa. Huyu atasema ndiko Biblia ilikotungwa, yule atasema ndiko Yesu alikopigiwa kura awe Mungu. Mtaguso huo, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliofanyika katika mji ambao leo ni Iznik, Uturuki, ulitoa kanuni ya imani, kanuni 20 za nidhamu na barua kwa kanisa la Misri. Vyote vitatu unaweza kuvisoma kwa kikao kimoja, na ukivisoma dhana nyingi zinaanguka zenyewe.

Dhana: Maaskofu walichagua vitabu vya Biblia

Zipitie kanuni zote 20. Ya 1 inahusu makleri (maaskofu, mapadre na mashemasi) waliojihasi. Ya 4 inataka askofu awekwe wakfu na maaskofu wasiopungua 3. Ya 17 inawakataza makleri kukopesha kwa riba, na ya 20 inakataza kupiga magoti siku ya Jumapili. Orodha ya vitabu haimo. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, imo katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367, miaka 42 baadaye.

Dhana: Ario alifundisha kwamba Yesu ni binadamu tu

Hapa hata wahubiri hujikwaa. Ario, padre wa Aleksandria, alikiri kwamba Mwana alikuwapo kabla ya ulimwengu na kwamba kwa yeye Mungu aliumba vingine vyote. Ubishi wake ulikuwa juu ya asili: Mwana naye ameumbwa, tena pasipo kitu, na kwa hiyo “aliwahi kutokuwapo”. Aliyeshutumiwa kufundisha kwamba Yesu ni mtu tu ni Paulo wa Samosata, askofu wa Antiokia aliyevuliwa madaraka mwaka 268. Wafuasi wake wanatajwa kwenye kanuni ya 19. Hizo ni hoja mbili tofauti, na jibu la moja haliijibu nyingine.

Jibu la Nikea kwa Ario ni maneno ambayo Wakatoliki wanayasali mpaka leo: “aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba”. Kwa Kigiriki umungu huo mmoja ni neno moja, homousios, na ndilo lililozua kasheshe. Halimo katika Maandiko, na baadaye ilimbidi Atanasi aeleze kwa nini maaskofu waliomhukumu Paulo huko Antiokia walilikataa.

Dhana: Uamuzi ulipita kwa tofauti ya kura chache

Eusebi wa Kaisarea, aliyekuwapo, anataja maaskofu zaidi ya 250. Idadi iliyozoeleka, 318, ililinganishwa na watumishi wa Abrahamu katika Mwanzo 14:14. Waliogoma hadi mwisho ni wawili, Sekundo wa Ptolemai na Theona wa Marmarika, wote wa Libya, nao wakapelekwa uhamishoni pamoja na Ario.

Na lile kofi ambalo inasimuliwa Mtakatifu Nikolasi alimzaba Ario mtagusoni? Hakuna mwandishi wa karne ya 4 anayelitaja.

Dhana: Konstantino aliufanya Ukristo kuwa dini ya dola

Konstantino ndiye kaisari wa Roma aliyeitisha mtaguso. Mwaka 313 yeye na kaisari mwenzake Lisinio waliruhusu dini zote. Aliyeamuru raia wafuate imani ya Utatu ni kaisari Theodosi, mwaka 380. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka 337 akiwa mahututi, na aliyembatiza ni Eusebi wa Nikomedia (si yule wa Kaisarea), rafiki wa Ario!

Dhana: Nikea ilimaliza ugomvi

Ilikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ario aliitwa kutoka uhamishoni, akafa Konstantinopoli mwaka 336 kabla hajapokewa tena. Atanasi, aliyekuwa shemasi tu wakati wa mtaguso, akawa askofu mwaka 328 na kufukuzwa mara 5 chini ya makaisari 4, jumla ya miaka kama 17. Kaisari Konstansio wa Pili aliwaandikia hata watawala wa Aksum, Ethiopia, akitaka wamrudishe Misri askofu Frumensio kwa kuwa aliwekwa wakfu na Atanasi. Mwaka 359, huko Rimini na Seleukia, maaskofu walishinikizwa kukubali tamko kwamba Mwana “anafanana” na Baba, basi.

Upepo uligeuka mwaka 381 katika mtaguso wa Konstantinopoli wenye maaskofu kama 150. Kwa hiyo ile “Imani ya Nikea” ya Jumapili kwa kweli inahusishwa na mwaka huo. Ya 325 ilitaja Roho Mtakatifu kwa jina tu, kisha ikawalaani wanaosema “aliwahi kutokuwapo”. Ukifika kwenye “Bwana mleta uzima”, umeshatoka Nikea. Na ukisema “atokaye kwa Baba na Mwana”, hayo “na Mwana” hayamo katika matamko yote mawili. Yaliongezwa baadaye na kanisa la Magharibi.