Je, wajua kwa nini "watoto wa elfu mbili" wote huonekana wakorofi?

Kaa nusu saa tu kwenye saluni yoyote pale Majengo, Dodoma, au ndani ya daladala inayosubiri kujaa. Hutakosa kumsikia mtu akilalamika, "Hawa watoto wa elfu mbili hawa, hata shikamoo inawashinda." Wanaosemwa ni waliozaliwa kuanzia mwaka 2000. Wengine kati yao wameshafika miaka 25, wana ajira na watoto. Wengine ndio kwanza wako kidato cha kwanza, wamezaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya huo mwaka wenyewe. Jina limewafunika wote, na sifa zake kila mtu anazijua: hawana adabu, hawataki kazi, wanashinda kwenye simu, wanataka maisha ya mteremko.

Wakorofi wapo, sibishi. Kila zama ilikuwa nao. Wahenga waliwatilia shaka watoto waliposema ngoma ya watoto haikeshi, na wakati huo hapakuwa na redio wala televisheni. Ila kuna jambo linanisumbua. Kwa Sensa ya 2022 Mkoa wa Dodoma peke yake una watu 3,085,625, na sehemu kubwa yao ni watoto na vijana. Mzee wa mtaa anawafahamu kwa karibu vijana kumi, labda kumi na watano: wa kwake, wa jirani, wale wa kwaya. Na hao mara nyingi huwasema vizuri. "Wangu hayuko hivyo," atakwambia, "hata yule wa jirani ni mtoto mzuri." Sasa hao wabaya waliojaa kila mahali, amewajulia wapi?

Ameletewa. Mwandishi wa habari wa Marekani, Walter Lippmann, aliliona hili tangu mwaka 1922: dunia ni kubwa mno kwa mtu mmoja kuishika yote, hivyo tunaamua mambo kwa kufuata picha tulizo nazo kichwani, na nyingi ya picha hizo tumechorewa na wengine.

Chukua habari kwanza. Kazi ya habari ni kutangaza kisicho cha kawaida. Kijana wa Mpunguzi, hapa Dodoma, aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kukata zabibu na kuzipanga kwenye kreti kabla jua halijawaka hatatoka gazetini. Mwenzake aliyemkaba mtu kichochoroni atatoka, na atasomwa na watu wa mikoa ambayo hajawahi kukanyaga. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walionyesha mwaka 1973 kwamba tunapokadiria jambo linatokea mara ngapi, hatuhesabu. Tunaangalia mfano unatujia akilini upesi kiasi gani. Wa kichochoroni anakuja haraka. Wa zabibu haji kabisa.

Ndiyo maana mwanzoni mwa Januari 2015, uvumi kuhusu Panya Road, kundi la vijana wavamizi, ulipoenea Dar es Salaam, watu walikimbia na kufunga maduka hata kwenye mitaa ambayo hakuna aliyevamiwa. Siwatetei Panya Road, waliumiza watu. Ila sisi tuko kilomita kama 450 kutoka pale, na mpaka leo hapa Dodoma wavulana watatu wakisimama pamoja jioni chini ya taa ya barabarani, kuna mama atabana mkoba wake kwapani.

Angalia pia vichwa vya habari vinavyoandikwa. Mtu wa miaka 45 akiiba fedha za ofisi, ataitwa mhasibu, mtumishi, mtuhumiwa. Hutasoma "Mtu mzima aiba milioni kumi". Akiiba wa miaka 17, neno "kijana" ndilo linaongoza sentensi. Kwa wa kwanza umri si maelezo ya kosa. Kwa wa pili umri ndio maelezo yenyewe, na wote wenye umri ule wanabeba sehemu ya lile kosa.

Makosa ya makadirio yanayotokana na picha hizi yamewahi kupimwa. Mwaka 2014 taasisi ya utafiti wa maoni ya Ipsos iliuliza watu wa nchi 14 wakadirie wasichana wangapi wa miaka 15 hadi 19 hujifungua kila mwaka. Kwa wastani walisema asilimia 15. Takwimu rasmi za nchi hizo zilikuwa na wastani wa asilimia 1.2. Tanzania haikuwamo, na kwetu mimba za utotoni ni tatizo kubwa kuliko huko. Lakini hata hapa picha na hesabu haziendi pamoja. Tukisikiliza mazungumzo, kila mwaka mabinti wanazidi kuharibika, na simu ndiyo ya kulaumiwa. Tafiti za taifa za afya ya uzazi zinasema hivi kuhusu wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kushika mimba: asilimia 23 mwaka 2010, asilimia 27 mwaka 2015/16, asilimia 22 mwaka 2022. Simu za kisasa mikononi mwa vijana zimeongezeka sana kati ya mwaka wa kwanza na wa mwisho. Idadi haikufuata. Bado ni kubwa, inauma, na ina sababu zake: umaskini, umbali wa shule, watu wazima wanaowarubuni. Picha ya "binti aliyeharibiwa na simu" inamwondoa yule mtu mzima kwenye hadithi nzima.

Filamu na video fupi zinamalizia kazi ambayo habari imeanza. Binti anafika mjini na begi la rambo, baada ya dakika ishirini kavaa nguo fupi, baada ya arobaini ana mimba. Mvulana kageuza kofia, basi tumeshajua ni mvuta bangi. Mtunzi anafanya hivyo kwa kuwa anataka tumjue mhusika haraka, na sisi tunamjua haraka kwa kuwa tumemwona mara mia. Profesa George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alitumia miaka mingi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kufuatilia watazamaji wa televisheni. Aligundua kwamba wanaotazama sana huelekea kuiona dunia ya kweli kama ile ya kwenye kioo: yenye hatari zaidi, yenye watu wasioaminika zaidi. Athari yenyewe si kubwa kwa siku moja, hujijenga polepole. Mitandao ya kijamii imeongeza kasi, maana programu zake hupima ni video ipi imekufanya usimame, kisha hukuletea nyingine kama hiyo. Ukisimama kwa mwanafunzi anayemtukana mwalimu, kesho utaletewa watano.

Huku kwetu kanda ya kati kijana anabeba mzigo wa pili juu ya ule wa umri. Akiwa Mgogo, vichekesho vimeshamwandalia nafasi: ombaomba, mshamba, hausigeli asiyejua jiko la gesi. Watu hucheka, na wengi hawajui picha hiyo imetoka wapi.

Sehemu yake imetoka kwenye njaa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Ukikosa huo, hakuna mwingine wa kukuokoa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakatika. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo wanaiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox anaeleza kwamba iliua watu wapatao 30,000 kati ya watu 150,000. Walionusurika walitafuta chakula popote kilipopatikana, na njaa za baadaye ziliwatoa wengine tena kwenda mijini. Watu walionyang'anywa akiba yao na vita ya watu wengine wakakumbukwa kama watu wenye tabia ya kuomba. Miaka mia baadaye binti wa Kigogo kutoka Bahi anaingia shule ya bweni, na wenzake ambao hawajui lolote kuhusu vita ile wanamwita "ombaomba" kabla hajafungua tranka. Nimewaona mabinti wa namna hiyo wakiacha kusema "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, hata pale wanapokutana na bibi zao getini, kwa kuogopa kusikiwa.

Hapo ndipo picha inapoacha kuwa ya mtazamaji na kuanza kuwa ya kijana mwenyewe. Mwanasaikolojia Erik Erikson alisema ujana ndio wakati swali la "mimi ni nani?" linapodai jibu. Na kabla yake, mwaka 1902, mwanasosholojia Charles Cooley alikuwa ameeleza kwamba binadamu hujiona kupitia macho ya wengine kama ajionavyo kwenye kioo. Mtoto wa miaka minane ana kioo kimoja au viwili, vya nyumbani. Wa miaka 15 amezungukwa navyo: mwalimu, konda, mlinzi, mchungaji, watu wa mtandaoni. Vyote vikimwonyesha sura moja, anahitaji nguvu kubwa sana kuikataa.

Mpwa wangu ana miaka 16. Siku moja aliingia dukani mjini kununua karatasi za grafu, amevaa sweta lenye kofia, spika za simu masikioni. Mlinzi akamfuata kutoka rafu hadi rafu. Alipogeuka upande wa madaftari, mlinzi akageuka naye. Alipoingiza mkono mfukoni kutoa hela, akaambiwa, "We dogo, mikono nje." Alitoka bila kununua. Nyumbani alirudi na hasira, akamjibu mama yake vibaya, na dada yangu akasema lile ambalo sote tungesema: "Balehe inamsumbua." Mlinzi alimwona mkorofi, ukorofi ukapatikana jioni ile ile, na ukahesabiwa kuwa wa kwake tangu mwanzo.

Watafiti wamefuatilia mzunguko huu. Christy Buchanan na Johnna Hughes walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya watoto wa Marekani wanaoingia ujana pamoja na mama zao. Watoto walioamini tangu mapema kwamba ujana ni wakati wa ukaidi na kujihatarisha, walielekea kuwa na tabia hizo mwaka mmoja baadaye kuliko wenzao. Matarajio ya mama nayo yalikuwa na uzito wake. Yang Qu, Eva Pomerantz na wenzao walilinganisha vijana wa Marekani na wa China: wale waliouona ujana kama wakati wa kuacha wajibu kwa familia ndio waliopunguza juhudi shuleni, na fikra hiyo ilikuwa na nguvu zaidi Marekani. Homoni za balehe ni zile zile kote duniani. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila jamii imemwambia kijana kuhusu umri wake.

Picha ikishika hata sheria inaifuata. Katikati ya miaka ya 1990, profesa John DiIulio wa Marekani alitabiri kwamba kinakuja kizazi cha vijana wahalifu wasio na huruma hata chembe. Vyombo vya habari viliudaka utabiri huo, picha za wavulana weusi zikajaa, na majimbo mengi yakarahisisha watoto kushtakiwa kama watu wazima. Kizazi hicho hakikuja. Uhalifu wa vijana ulikuwa tayari umeanza kushuka, ukaendelea kushuka, na DiIulio mwenyewe akakiri baadaye kwamba alikosea. Waliofungwa utotoni kwa sheria zile hawakurudishiwa miaka yao.

Kinachoibomoa picha kinaeleweka vizuri kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alisema chuki kati ya makundi hupungua watu wanapokutana, kwa masharti: wawe sawa katika ile shughuli, na wawe wanatafuta jambo moja. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu wazo hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2006, na kwa sehemu kubwa lilisimama. Ukitaka kuliona kwa macho, nenda Chamwino wanawake wanapopiga muheme, ngoma ya Kigogo. Binti wa miaka 14 anabana ngoma yake kati ya magoti pembeni ya mama wa miaka 50, na mmoja akikosea mdundo, ngoma nzima inasikika vibaya. Sijamsikia mama aliyepiga muheme na mabinti akiwazungumzia "watoto wa elfu mbili" kwa ujumla. Atakutajia mmoja mmoja: huyu ana mkono mwepesi, yule mvivu wa mazoezi, huyu anaimba.

Sasa linganisha na vikao vyetu vya wazazi na walimu. Ajenda ya nidhamu ya wanafunzi haikosekani, na mara nyingi inajadiliwa wanafunzi wakiwa wameshaambiwa waende nyumbani. Wazazi mia wanazungumza juu ya watu wasiokuwepo, wakitumia mifano waliyoiona kwenye simu zao usiku uliopita. Ningependa kamati za shule za hapa Dodoma zijaribu kikao kimoja ambacho wanafunzi wa kidato cha tatu wamekaa kwenye viti vile vile na wazazi, wana haki ya kunyoosha mkono na kujibiwa, na ajenda ya kwanza imeandikwa na wao.