Kabla ya Washington kuna Springfield: kazi ya mbunge wa jimbo nchini Marekani

Kila ninapofundisha siasa za Marekani, swali la kwanza darasani huwa juu ya Rais na la pili juu ya Bunge la Washington. Sikumbuki mwanafunzi aliyeanza na Springfield (Illinois), Albany (New York) au Austin (Texas). Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu ndugu zetu wanaoishi huko wanaguswa kila siku na yanayopitishwa katika miji mikuu hiyo ya majimbo. Leseni ya udereva, leseni ya uuguzi, ada ya chuo kikuu cha umma, haki za mpangaji mbele ya mwenye nyumba, adhabu ya mwizi na ya muuaji: kwa sehemu kubwa haya hutungwa na bunge la jimbo. Tangu Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, hata suala hilo zito liko mikononi mwa mabunge hayo.

Tuelewane kwanza juu ya neno lenyewe. Tanzania tukisema mbunge wa jimbo tunamaanisha mtu wa eneo moja la uchaguzi. Marekani jimbo ni dola ndogo ndani ya dola kubwa, lenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Majimbo ni 50, na yote yana bunge la mabaraza mawili isipokuwa Nebraska, yenye baraza moja tangu 1937. Ukiwahesabu wabunge wote wa majimbo unapita 7,300, ilhali Bunge la Washington lina 535 tu. Ndiyo maana kuna seneta wa jimbo na kuna seneta wa Marekani, na hivyo ni vyeo viwili tofauti kabisa. Barack Obama alivishika vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Watu wetu wengi walianza kumsikia 2004, kana kwamba aliibuka mwaka ule. Kumbe alikuwa ameshakaa karibu miaka minane katika Seneti ya jimbo la Illinois, na miaka hiyo inaifundisha kazi hii vizuri kuliko kitabu chochote nilichonacho mezani.

Alivyoingia hakukuwa na shangwe. Kiti cha eneo la 13, upande wa kusini wa Chicago, kilikuwa cha Alice Palmer, ambaye aliamua kugombea Bunge la Washington na kumuunga mkono Obama amrithi. Palmer aliposhindwa huko, alitaka kiti chake kirudi. Obama alikataa kumpisha. Huko nako mgombea hutafuta wadhamini: hupita nyumba kwa nyumba akikusanya saini za wapiga kura. Timu ya Obama ilizipekua saini za wapinzani moja baada ya nyingine, ikaweka pingamizi, na majina ya wote yakatoka kwenye karatasi ya kura. Machi 1996 akapita kura za mchujo za chama chake bila kupingwa, na katika eneo lile, ambalo ni ngome ya Democratic, mshindi wa mchujo ni kama ameshaapishwa. Wako wanaomlaumu kwa hilo hadi leo. Mimi naona alifuata sheria, lakini pia naona kwamba wananchi wa kusini mwa Chicago walinyimwa nafasi ya kuchagua kati ya watu wawili waliowafaa.

Aliapishwa Januari 1997, na maisha ya barabarani yakaanza. Springfield iko kilomita zaidi ya 300 kutoka Chicago, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Wiki ya vikao mbunge analala huko, kisha anarudi nyumbani kwa familia na kwa wapiga kura. Obama aliendelea kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago wakati wote huo, na hakuwa peke yake kuwa na kazi mbili. Katika majimbo mengi ubunge hauhesabiwi kuwa ajira kamili.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa msomaji alishike. New Hampshire ina wawakilishi 400, na katiba ya jimbo imewawekea malipo ya dola 100 kwa mwaka tangu 1889. Texas, jimbo kubwa kuliko nchi nyingi, humlipa mbunge dola 7,200 kwa mwaka pamoja na posho ya siku za kikao, na bunge lake hukaa kikao cha kawaida mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. New York nayo hulipa dola 142,000. Sasa jiulize nani anaweza kugombea Austin. Mwanasheria mwenye ofisi yake anaweza. Mfanyabiashara anaweza, na mstaafu mwenye pensheni pia. Muuguzi wa zamu au dereva wa basi atamwomba mwajiri ruhusa ya miezi karibu mitano, akalishe watoto kwa nini? Waliopanga malipo madogo walitaka mwakilishi abaki raia wa kawaida, asije akageuka mwanasiasa wa kudumu. Naielewa nia yao, ila matokeo yake ni kwamba raia wa kawaida ndiye anayefungiwa mlango.

Miaka sita ya mwanzo chama cha Obama kilikuwa upande wa wachache katika Seneti. Illinois kila muswada hupitia Kamati ya Kanuni kwanza, na kamati hiyo huongozwa na chama chenye viti vingi. Muswada wa mtu wa upande mdogo unaweza kuingia humo na usionekane tena. Njia pekee ni kutafuta mwenzako wa chama cha upande wa pili, na ndivyo Obama alivyofanya 1998 aliposhirikiana na Kirk Dillard wa Republican kupitisha sheria ya kubana zawadi wanazopewa wanasiasa.

Upigaji kura wao una jambo la kipekee. Mbunge anaweza kusema ndiyo, hapana, au "nipo". Muswada huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59, kwa hiyo aliyesema "nipo" hajausaidia hata kidogo. Tofauti ni kwamba rekodi yake haioneshi neno hapana. Obama alipiga kura za namna hiyo karibu 130, na wapinzani wake walizitumia alipogombea urais. Mara nyingi ulikuwa mkakati wa chama. Lakini kura iliyomuumiza zaidi ni ile ambayo hakuipiga. Mwisho wa 1999 alikuwa Hawaii na familia yake, bintiye akaugua, naye akakosa kura ya muswada wa silaha ambao ulikwama. Wakati huohuo alikuwa anashindana na Bobby Rush, akitaka kumnyang'anya kiti chake cha Bunge la Washington. Machi 2000 Rush alimshinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja, na Obama akarudi Springfield.

Kilichobadilisha mambo ni ramani. Kila baada ya sensa mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya, na Illinois vyama vikishindwa kukubaliana, katiba inaagiza jina lichomolewe kwa bahati nasibu ili chama kimoja kipate kura ya ziada. Mwaka 2001 bahati iliwaangukia Democratic. Wakachora ramani, wakashinda uchaguzi wa 2002, na Januari 2003 Emil Jones akawa Rais wa Seneti. Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii.

Mwaka huohuo aliisimamia sheria ambayo naiona kuwa kazi yake bora kule. Illinois ilikuwa na aibu kubwa. Tangu adhabu ya kifo irudishwe 1977, watu 12 walikuwa wameuawa kwa sindano ya sumu, na kufikia mwaka 2000 wengine 13 waliohukumiwa kufa walikuwa wamegundulika hawana hatia. Chicago kulikuwa na maungamo yaliyotolewa baada ya mateso chini ya kamanda wa polisi Jon Burge. Muswada ulitaka polisi warekodi mahojiano yote ya mshukiwa wa mauaji anayeshikiliwa, tangu swali la kwanza, siyo dakika zile tu za kukiri. Polisi na waendesha mashtaka walipinga. Obama alikaa nao meza moja na wanaopinga adhabu ya kifo, akasikiliza, akalegeza vifungu, akarudi tena. Aliwaeleza polisi kwamba mkanda humlinda pia askari aliyetenda haki. Muswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya hapana, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuliweka takwa hilo kwa sheria ya bunge. Mahojiano yasiyorekodiwa sasa mahakama huyatilia shaka tangu mwanzo.

Wenye asili ya Afrika Mashariki nao wanazidi kuingia katika mabunge haya. Ilhan Omar, aliyeishi kambini Kenya akiwa mtoto mkimbizi, alianzia Baraza la Wawakilishi la Minnesota 2017, baada ya kumshinda kwenye mchujo Phyllis Kahn aliyekuwamo tangu 1973. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa katika baraza hilohilo 2024. Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala, alikaa Albany kuanzia 2021 kabla ya kuwa meya wa jiji la New York Januari 2026.

Obama alijiuzulu kiti cha Springfield Novemba 2004, baada ya kuchaguliwa Seneti ya Marekani. Hapakuitishwa uchaguzi mdogo. Illinois viongozi wa chama wa eneo husika ndio huteua wa kujaza nafasi, nao walimteua mwanasheria Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul alilishika eneo la 13 kwa miaka 14, akalitoka Januari 2019 kwenda kuwa Mwanasheria Mkuu wa Illinois.