Kukaza Kifuniko Hakuizuii Mbege

"Mama, kaza kifuniko sana, halafu weka na nailoni isivuje. Mzigo unakwenda Dar kwa mjomba." Nikiyasikia tena maneno haya nitaanza kutoza faini. Watu wanadhani mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikishaiva imetulia, kama maziwa ya boksi, kazi iliyobaki ni kuziba tu. Mbege haitulii. Ukiona imetulia kabisa, onja kwanza, huenda ni siki.

Ndizi mbivu tumepika, tumeziacha zichachuke siku kadhaa, tumechuja, tumepata nyalu. Hapo chachu imeshakula sehemu kubwa ya sukari na kasi yake imepungua. Sasa tunaleta mso, uji wa kimea cha ulezi. Na kimea ni nini kama si ulezi uliooteshwa ili wanga wake ugeuke sukari? Kwa hiyo unapomimina mso kwenye nyalu umeiandalia chachu karamu ya pili. Usiku kucha pipa linaumuka, asubuhi povu liko juu. Na ni asubuhi hiyohiyo, karamu ikiwa imepamba moto, ndipo unataka niimimine kwenye dumu la mafuta ya kula na kukaza!

Dumu lile limetengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayatoi hewa. Mbege inatoa, maana chachu ikila sukari inatoa hewa. Likijaa mbege linaanza kuvimba mbavu, kisha kitako kinatokeza nje, likiwekwa wima linayumba na kulala. Hewa inasukuma ile nailoni uliyobana chini ya kifuniko, nailoni inang'ang'ania, hadi mtu anapofungua Dar na shati lake linabadilika rangi. Chupa za vioo sizitaki hata kuzisikia. Chupa ya plastiki ya soda ya lita moja na nusu inavumilia zaidi, maana iliundwa kwa kinywaji chenye gesi, tena unaweza kuibinya ubavu: ikibonyea, bado, ikiwa ngumu kama jiwe, legeza sasa hivi.

Barafu inachelewesha tu. Kutoka Moshi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, unateremka kuelekea joto, na buti la basi nalo lina joto lake. Kuchemsha ili "kuua" chachu? Utaiua, na sehemu ya pombe nayo itapaa na mvuke. Mjomba atapata uji mchungu.

Nafasi ya kuacha juu ya chombo ndiyo inayonisumbua. Mimi naacha robo. Wenzangu wengine wanaacha theluthi, na siwezi kuwaambia wamekosea, kwa sababu chachu yetu hatuinunui dukani. Kila pipa lina tabia yake. Msesewe pia, gome chungu la mti tunalotia kwenye mbege: wazee wanasema gome lile linaizuia mbege isiharibike upesi. Uchungu wake naujua. Hilo la kuzuia sithubutu kuliapia.

Ushauri wangu hawaupendi, ila ndio huu: tuma nyalu peke yake, na unga wa kimea mkavu kwenye mfuko wake. Mjomba apike mso hukohuko, aupoze, achanganye jioni, kesho yake anywe mbege mbichi kabisa. "Mjomba hajui kupika." Basi ajifunze, uji haujamshinda mtu. Nyalu nayo haijafa, kwa hiyo usikaze mpaka mwisho: funga, kisha rudisha kifuniko kidogo, simamisha chombo ndani ya ndoo yenye matambara. Kama kuna ndugu anasafiri nao, basi likisimama Korogwe kwa chakula afungue kidogo hewa itoke, kabla hajakimbilia chipsi.

Na karani wa vifurushi akiuliza ni nini, mwambie ni mbege. Ukisema ni asali atalilaza dumu chini ya masanduku ya watu.