"Ametembea Mwenyewe" Si Kipimo cha Shingo

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba aliyetembea mwenyewe hawezi kuwa amevunjika shingo. Dereva wa boda boda, aliyerushwa kwenye barabara ya Busia, ameingia kliniki yetu hapa Kisumu siku nne baada ya ajali. Karatasi ya rufaa: mikono na miguu iko sawa, ni misuli tu. Shingoni kavalishwa kola ya sponji, ambayo kwa kazi hii ni skafu. Kaka yake akaniangalia kama natafuta pesa: "Daktari, huyu ametoka stendi kwa miguu. Shingo ikivunjika si mtu hulala palepale?"

Si lazima. Nimechoka kulijibu hili, lakini haya.

Kila alipotaka kuinuka kitandani, alishika kichwa kwa mikono yote miwili, kama aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Ukiona hivyo baada ya ajali, usimwambie ageuze shingo "tuone". Na asipelekwe kukandwa, tafadhali.

Kwenye atlasi, pingili ya kwanza ya shingo, njia ya ugwe wa mgongo (kamba ya neva itokayo ubongoni) ni pana. Tulifundishwa hesabu ya theluthi: moja ya jino la aksisi (kigingi cha mfupa kinachochomoza juu kutoka pingili ya pili), moja ya ugwe, moja nafasi tupu. Nafasi hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Chini, kwenye pingili ya tano au ya sita, mfupa ukisogea kidogo tu mikono hulegea na hakuna anayebisha. Juu, jino hukatika shinani na mtu akala ugali wake, akapanda matatu. Tena atlasi ikigandamizwa kutoka juu, vipande hutawanyika kwenda nje, kwa hiyo njia inapanuka badala ya kubana. Daktari Jefferson aliandika kuhusu mvunjiko huo mwaka 1920, nasi bado tunabishana koridoni. Lakini akiba hiyo ya nafasi ikiisha, hatuzungumzii tena ganzi ya vidole. Neva ya kiwambo, msuli wa kupumulia, hutoka kwenye mizizi ya neva ya tatu hadi ya tano ya shingo, chini ya jeraha. Kinachokatika ni pumzi.

Eksirei ya ubavuni pekee haitoshi. Ile ya mdomo wazi husaidia, ila mwambie mtu mwenye taya lililovimba afungue mdomo. Fanya CT, picha inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka.

Yake ilionyesha atlasi imepasuka mbele na nyuma, kano ya kukingama, ile inayolishika jino mahali pake, ikiwa nzima. Hiyo ni kola ngumu, wiki 8 hadi 12, na picha za kufuatilia. Kano ingekatika tungefikiria kuifunga atlasi na aksisi kwa skrubu, na hapo sikimbilii kisu: karibu nusu ya kugeuza kichwa hutoka kwenye kiungo hicho. Dereva wa boda asiyeweza kutazama nyuma atafanya kazi gani?

Anayeninyima usingizi ni mzee aliyeteleza bafuni. Madaktari Anderson na D'Alonzo waligawa mivunjiko ya jino katika aina tatu mwaka 1974, na ile ya pili, ya shinani, ndiyo sugu. Kwa kijana ambaye jino limesogea, skrubu, sina mjadala. Kwa bibi wa miaka 80, kola humletea vidonda vya kidevu na kupaliwa na chakula, fremu ya chuma ya kichwani ni mbaya zaidi, na ganzi ya upasuaji ina hatari zake. Wengi wao mfupa haushiki. Hushika kovu tu, nao wanaishi. Je, kovu linatosha? Wenzangu wawili ninaowaheshimu hupinga kila mmoja upande wake, nami hubadilika kulingana na mgonjwa aliye mbele yangu.

Mwezi uliopita nilimvua mmoja kola baada ya miezi mitatu. Ufa ulikuwa bado unaonekana, ila picha za kuinama na kuinua kichwa hazikuonyesha mfupa kucheza. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa naweza kujitwika mtungi?"

Hilo nililijibu bila kusita: hapana, mama.